Kuku wa Kidonge, Kuku wa Unga

Jumatatu, 10 Juni

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote ya leo. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya masufuria ya kantini ya kiwanda cha magodoro. Watu mia mbili na ushee wanashona vitu vya kulalia kutwa nzima, na mimi mpishi wao sina hata pa kukalia. Miguu imevimba. Viatu havitoki mpaka tupigane.

Leo habari kubwa. Mama Jiko anastaafu mwisho wa mwezi. Ndiye mpishi wetu mkuu, na jina lake la kweli nadhani hata meneja halijui. Magoti yamemwambia basi. Maana yake nini? Maana yake kile kichumba chake kando ya stoo, chenye meza, daftari la kuagizia vitu na kiti, kitabaki wazi. Kiti! Mpishi mkuu anakaa. Anaonja, anaamuru, anakaa tena. Nilikikodolea macho mpaka Mama Jiko akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mchana meneja akatuita wapishi wawili, mimi na Mizani. Huyu Mizani ni dada mmoja mwembamba, ana miaka sita tu hapa. Tumempa jina hilo kwa sababu anapima kila kitu, hata maji ya kunawia. Meneja akasema amefungua stoo yetu akakuta kuku wa aina nne na hakuna hata mmoja mwenye miguu. Kuna ladha ya kuku ya vidonge, vile vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi. Kuna ya unga, kwenye ndoo ndogo za plastiki. Kuna ya rojo, nzito kama gundi, kwenye chupa za mdomo mpana. Na kuna ya maji, kwenye chupa ndefu. Kila mpishi anatumia anayoipenda, supu ya leo haijuani na ya jana, na wafanyakazi wamelalamika kwa barua. Sasa anataka aina moja tu. Ijumaa kila mmoja wetu apike supu kwa aina aliyoichagua na aeleze sababu. Atakayemridhisha anachukua kichumba.

Mtihani mwepesi kweli. Unaonja, unachagua, unakaa. Tatizo langu ni moja, na naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Tangu yale mafua ya mwezi uliopita sisikii harufu wala ladha. Hata chembe! Kitunguu, sabuni, maziwa yaliyochacha, kwangu vyote ni maji. Wiki tatu napika kwa mazoea na kwa kusoma nyuso za walaji. Mke wangu hajui. Kazini hawajui. Wakijua, nani atamweka jikoni mpishi asiyeonja?

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa kwanza. Ulimi sina, lakini nyumbani kwangu kuna ndimi mbili zenye nguvu. Nilimwomba Mama Jiko ruhusa ya kuchukua kidogokidogo cha kila aina kwa ajili ya utafiti. Akasema haya, chukua, ila usirudi na hadithi.

Nyumbani nikachemsha maji, nikakoroga mabakuli manne, nikayapanga mezani. Nikamwambia mke wangu na mama yake kwamba ni mchezo tu, nione nani ana ulimi mkali. Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi wa pili. Alikuja kwa wiki mbili. Namheshimu sana. Nikamwambia mama, tafadhali, tufungulie.

Mama akaonja la kwanza, akaniuliza kuku mwenyewe yuko wapi. Nikamweleza kwamba hii ni ladha yake tu, mama. Akasema kumbe kuku amesafiri, ameacha salamu. Akaonja la pili, akatikisa kichwa. La tatu akasema linang'ang'ania mdomoni kama mgeni asiyeaga. Yeye ndiye aliyesema hivyo! Nikainama nikatafuta kijiko chini ya meza. La nne akalitemea kwenye leso, kwa adabu zote. Kisha akavuta bakuli la tano, akanywa, akatulia, akanywa tena. Akasema sasa hili ndilo, hili angalau halimdanganyi mtu. Bakuli la tano lilikuwa maji ya moto ya kusuuzia vijiko.

Mke wangu akaonja akasema vidonge ndivyo vizuri. Nikaandika. Akaonja tena akasema hapana, afadhali ile ya maji, lakini labda ni njaa. Akaniuliza mimi mpishi naonaje. Nikasema sitaki kuwaharibia mchezo. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mama mkwe akasema wakati wake kuku alichemshwa na mifupa yake tangu asubuhi, na hakuna aliyepiga kura.

Matokeo ya utafiti, basi. Vidonge, kura moja iliyofutwa. Ya maji, kura moja yenye njaa. Maji matupu, kura moja thabiti. Nimevua viatu. Kimoja kimegoma.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa pili, na huu una akili. Kwa nini nihangaike kuonja wakati Mizani keshaonja? Ana kijidaftari, anakitia kwenye mfuko wa aproni, na aproni anaitundika nyuma ya mlango akienda kula. Alipotoka tu nikakichomoa. Ana mwandiko mzuri, na hilo nalo linaudhi. Nilinakili kila neno.

Vidonge: vinakaa muda mrefu, havitaki friji, lakini vina chumvi nyingi, na kwa sufuria kubwa utabandua karatasi mpaka kucha ziume. Rojo: ladha nzito kuliko zote, lakini inashika kwenye mwiko, na ikishafunguliwa inataka friji, na friji yetu imejaa. Ya maji: nzuri kuongezea kwenye mchuzi mwishoni, hafifu kwa supu. Unga: unapimika kwa kijiko, unayeyuka upesi, ukifunikwa vizuri haugandi. Chini yake amepiga mistari miwili: UNGA.

Haya! Jibu ninalo na sababu zake ninazo, na sijachafua hata kijiko. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini nikawaza. Tukipika wote kwa unga, supu yake itashinda yangu, maana yeye anasikia anachokipika. Kwa hiyo mimi kupatia hakutoshi. Yeye lazima akosee.

Stoo kuna ndoo mbili za unga wa kuku, zote zimeshafunguliwa. Ya kushoto anatumia yeye, ya kulia mimi. Zimefanana kama mapacha. Rafu ya chini yake kuna maboksi ya unga wa kastadi, ule mtamu wenye vanila tunaoupika na maziwa kuwamwagia watu juu ya matunda. Na rangi yake? Manjano ileile! Nikamimina kuku wa Mizani kwenye mfuko, nikauficha mfuko nyuma ya gunia la mchele, nikajaza kastadi kwenye ndoo yake. Kesho ni siku ya maharage, hakuna atakayeugusa unga kabla ya Ijumaa. Na mimi si mjinga. Ili nisije nikajichanganya mwenyewe, nikatia alama kwenye kifuniko cha ndoo ya kastadi. Nukta moja nyekundu, kwa rangi ya kucha ya mke wangu, niliyoibeba asubuhi kuzuia soksi isiendelee kutatuka. Rangi ya kucha haitoki kwa maji. Leo nimetembea mpaka nyumbani bila kuchechemea.

Alhamisi, 13 Juni

Loo! Siku ya vifuniko! Nilisahau kabisa. Kila Alhamisi, tangu kabla sijaajiriwa, Mama Jiko anateremsha kila kitu kutoka kwenye rafu za stoo, anapangusa rafu, anavua vifuniko vyote na kuvitumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni. Nilipofika mlangoni nilimkuta amepiga yale magoti yake mabovu, vyombo vyote sakafuni viko wazi, vifuniko vinaelea kwenye povu. Roho ilinipaa. Nukta yangu!

Nikajitia msaidizi. Nikamwambia mama, inuka, kazi hii niachie. Akanitazama kama mlevi, maana miaka kumi na tisa sijawahi kuomba kusugua kitu. Nikapekua povu. Ipo! Nyekundu vilevile, haijabanduka hata ukingo. Nusura nikibusu kifuniko. Nikavisuuza vyote, nikavikausha, nikamkabidhi Mama Jiko bunda zima, naye akaanza kuvifunika kimoja kimoja na kuvirudisha vyombo kwenye rafu. Baadaye nikaenda kuchungulia. Ndoo mbili, moja ina nukta, moja haina. Salama kabisa. Nimejitia wasiwasi wa bure.

Saa nane Mizani akanifuata kwenye sinki. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko sawa. Akasema siku hizi ananiona natia chumvi bila kuonja, na kama kuna tatizo lolote anaweza kuwa ananionjea sufuria zangu, si kazi kubwa, kaka. Nikamjibu kwamba nilianza kupika yeye akiwa bado analishwa uji. Akasema samahani, akaenda zake. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kesho ni kesho na huruma haipati kiti.

Ijumaa, 14 Juni

Nataka kuandika haraka nimalize.

Nilifika wa kwanza. Ndoo yenye nukta nikamwachia Mizani, tena nikaisogeza mbele ili aifikie vizuri. Nikachukua isiyo na nukta. Vijiko vinne vilivyojaa, kitunguu, karoti, maji. Supu yangu ikaanza kuwa nzito. Nikashangaa, lakini nikafurahi, maana supu nzito ni supu ya heshima. Rangi kama dhahabu! Mfagiaji akapita akasema kunanukia keki. Nikamwambia asante.

Kwa jicho la pembeni namtazama Mizani. Akafungua ndoo yake, akanusa, akapima, akatia. Hakushtuka! Nikajisemea kwamba watu wa vipimo hawa pua wanazo za pambo tu. Supu yake ilitoka nyepesi, unaona mpaka chini ya bakuli. Nikamhurumia.

Meneja akakaa, Mama Jiko pembeni yake. Nilitangulia kueleza sababu zangu, kwa kifua mbele. Unga unapimika kwa kijiko. Unga unayeyuka upesi. Unga ukifunikwa vizuri haugandi. Mizani akageuka akanitazama, akashika mfuko wake wa aproni. Ilipofika zamu yake akasema yeye naye amechagua unga, na sababu zake ni zilezile.

Meneja akaanza na supu ya Mizani. Akanywa akamaliza bakuli. Nikawaza, maskini, kumbe hata yeye hana ulimi. Akaja kwangu. Kijiko kimoja. Akasimama nacho mdomoni. Akameza kwa shida, akaniuliza hii ni nini. Nikasema ni kuku, bosi. Akauliza kuku gani ana vanila.

Mama Jiko akaonja, akaweka kijiko chini taratibu. Akaniambia niinamie bakuli, ninuse, niwaambie ninasikia nini. Nikainama. Nikavuta pumzi yote ya kifua. Nikasema kuku.

Mizani ndiye aliyefahamu kwanza. Akasema polepole, kaka, husikii harufu. Hakuuliza, alisema tu.

Basi nikalia. Naandika kama ilivyokuwa. Mtu mzima, na aproni yangu, nikalia mbele ya supu ya kastadi. Nikawaambia yote ya mafua, wiki tatu, hofu ya kufukuzwa, miguu. Mama Jiko akasema ungesema tu, mwanangu, tungekuonjea. Jikoni hapa tumewahi kumpikia mtu zamu mwezi mzima ameungua mkono, tungeshindwaje na ulimi?

Kisha meneja akauliza kastadi imeingiaje kwenye ndoo ya kuku. Hapo machozi yakakauka, maana nilikumbuka vile vifuniko kwenye povu: vilibadilishana. Mama Jiko akajishika kichwa. Akasema bila shaka ni yeye, jana wakati wa kupanga, macho yake siku hizi si macho, ndiyo maana anaondoka. Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Kisha ukajifunga. Yule mama akamwomba meneja radhi, na mimi nimesimama pale.

Kichumba kimekwenda kwa Mizani.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia mke wangu habari za ulimi. Nilidhani atanionea huruma, amekasirika. Si kwa kichumba, bali kwa wiki tatu za kunipikia na mimi kusema tamu, tamu sana, mke wangu. Akasema sasa hajui lini nilimaanisha.

Mama mkwe alikuwa jikoni tangu asubuhi na kuku mzima, mwenye mifupa. Mchana akaniwekea bakuli mbele yangu, akasema kunywa, hata kama husikii, moto wake utausikia. Nikanywa. Ni kweli, nilisikia moto wake mpaka kifuani. Huyu mama namsema sana humu.

Leo nimeapa. Sifichi tena kitu kwa watu wanaonitakia mema, wala sichezi tena na riziki ya mwenzangu. Nimeapa kwa sauti. Jioni mke wangu akaniuliza kama nimeiona rangi yake ya kucha. Nikasema sijaiona.

Jumatatu, 17 Juni

Nilikwenda kazini nikijua nimefukuzwa. Mizani alikuwa ananisubiri mlangoni. Amezungumza na meneja. Mpaka ulimi wangu urudi, nisishike sufuria. Kazi yangu ni kuchambua maharage na kumenya vitunguu saumu, dirishani, kwenye kigoda. Mshahara uleule. Kila asubuhi ataniletea kijiko kimoja cha supu kunipima, na siku nitakayosikia ladha, narudi jikoni kama zamani. Nikamuuliza kwa nini ananitendea hivi. Akasema kwa sababu vitunguu saumu havijimenyi, kaka.

Nimekaa kutwa. Sina neno jingine. Nimekaa! Kuna upepo pale dirishani. Viatu vimetoka vyenyewe.

Jumatano, 26 Juni

Umerudi! Asubuhi niliamshwa na harufu. Mama mkwe alikuwa ameunguza maziwa. Nikakimbia jikoni nikanusa sufuria, nikanusa sabuni, nikamnusa mke wangu shingoni akanisukuma. Nikala chembe ya chumvi nikacheka peke yangu. Nikawahi kazini kumwambia Mizani. Njiani nilikuwa karibu kukimbia, na hiyo miguu.

Nilipoingia nikakiona kigoda changu, dirishani, na upepo wake.

Mizani alikuwa hoi. Ana mafua tangu juzi, pua nyekundu, sauti kama debe. Na yeye, tofauti na watu wengine, ameshamtangazia kila mtu: leo sisikii kitu, jamani, mnionjee. Lakini Mama Jiko ameomba ruhusa ya siku nzima kwenda hospitali na magoti yake, na jikoni hakuna mtu ila mimi. Ndoo mpya ya unga wa kuku imekuja jana, ya kiwanda kingine, na alikuwa ametia vijiko vilevile na chumvi ileile. Akaja na kijiko changu cha kila siku. Akasema kaka, leo namwomba Mungu uwe umepona, maana meneja anakula na sisi mchana, na mimi napika gizani.

Nikaonja. Chumvi, jamani! Macho yalitaka kutoka. Ule unga mpya umeshatiwa chumvi kiwandani, na yeye ameongeza juu yake. Majagi mawili ya maji na viazi vichache, ingepona. Maneno manne tu yalitakiwa: dada, chumvi imezidi sana.

Nikatazama dirisha.

Nikasema bado, dada. Kama maji.

Akanishika bega. Akasema pole, kaka, usikate tamaa, kaa upumzike. Nikakaa.

Mchana watu mia mbili walikohoa kwa pamoja. Meneja alikunywa kijiko akaomba maji, akaomba tena. Mizani alisimama mbele ya watu wote akasema kosa ni langu, nina mafua, sikuonja, nisameheni. Akasamehewa palepale, hata makofi wakampigia. Kisha kila mtu akageuka kunitazama mimi kwa huruma, maana mimi nilikuwa bado nakula. Ningefanyaje? Mtu asiyesikia ladha hana sababu ya kuacha supu. Nilimaliza bakuli, uso mkavu. Mizani akanionea imani akaniongeza la pili. Nalo nikalimaliza.

Nimekunywa maji jioni nzima na midomo bado inaniwasha. Lakini nimekaa nikapanga vizuri, maana ulimi ukirudi wote siku moja watashuku. Utarudi kwa awamu. Sukari, mwezi wa nane. Chumvi, mwezi wa kumi. Kuku, mwakani, Mungu akipenda.